Phoenix au Mjapani? Kuchagua baiskeli kuukuu ambayo vipuri vyake utavipata

Mpwa wangu alinipigia simu saa moja usiku, salamu kaimaliza kwa pumzi moja. "Mjomba shikamoo, nimepata baiskeli mbili, zote laki na ishirini. Moja Phoenix ya mzee mmoja, breki za vyuma. Nyingine Mjapani, ina kikapu, inang'aa kama jana imetoka dukani. Nichukue ipi?"

Nikamwambia asichukue yoyote mpaka anisomee namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi. Akacheka. Alidhani nitamuuliza rangi, au kama breki zinashika. Lakini rangi hupakwa, na breki hata ikiwa imekufa hutengenezwa. Tairi la saizi isiyouzwa mjini kwenu halitengenezwi na mtu, litakukalisha chini siku ile ile linapochanika.

Kijana mwenyewe ana kazi ya kuchukua mikate alfajiri pale Ngamiani na kuigawa madukani mpaka Pongwe, kreti imefungwa kwenye keria. Kwa hiyo hii si habari ya baiskeli ya kuendea kupiga picha. Ni baiskeli ya kila siku, kwenye jua la Tanga na chumvi ya bahari, na ikilala siku mbili kwa fundi mikate ya watu inalala nayo.

Namba kwanza

Ubavuni mwa tairi kuna namba za aina mbili. Ya kwanza ni ya inchi, mathalani 28 x 1½, ndiyo wanayoitaja wauzaji. Hiyo ni namba ya mazoea, kila nchi iliipanga inavyojua yenyewe, na ndiyo inayowaponza watu. Ya pili huwa ndogo, mara nyingi imefunikwa na tope, nayo ina kistari katikati: 40-635. Hapo 40 ni upana wa tairi kwa milimita, na 635 ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, kwa milimita vile vile. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuamini. Tairi la baiskeli halina huruma ya "karibu sawa".

Hizi ndizo utakazokutana nazo:

635: huandikwa 28 x 1½. Phoenix, Hero, Avon, na Raleigh kubwa ya breki za vyuma.
622: huandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜. Baiskeli nyingi za Uholanzi. Ni saizi ile ile inayoitwa 700C kwenye resi za kisasa.
590: huandikwa 26 x 1⅜. Mjapani wa 26, na zile Raleigh nyepesi za breki za waya.
609: huandikwa 27 x 1⅜. Mjapani wa 27.
630: huandikwa 27 x 1¼. Resi za zamani.
559: huandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.95. Mauntini.

Tazama hapo "28" mbili zisizofanana, "27" mbili zisizofanana, na "26" mbili zisizofanana kabisa. Kwenye 26, ukiona nukta ni ukoo mmoja na ukiona sehemu kama ⅜ ni ukoo mwingine, hata kama kwa hesabu za shule zinakaribiana. Kama tairi limeisha mpaka maandishi hayasomeki, tafuta kwenye ringi yenyewe upande wa ndani, au chukua tairi kuukuu kwapani uende nalo dukani ukalilaze juu ya jipya.

Phoenix na ukoo wake

Ukoo huu babu yao ni mmoja: baiskeli kubwa ya Kiingereza, yenye magurudumu ya inchi 28, hendeli iliyorudi nyuma, na breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyoitapakaza katika makoloni ya Mwingereza. Wachina wa Shanghai wakatoa Phoenix na Forever kwa sura hiyo hiyo, Wahindi wa Ludhiana wakatoa Hero na Avon. Majirani zetu Kenya wameipa jina la Black Mamba, na ndiyo iliyobeba watu pale mpakani Busia mpaka neno bodaboda likazaliwa, kabla pikipiki hazijalichukua.

Kwa mnunuzi wa leo faida ya ukoo huu haiko kwenye historia, iko kwenye rafu za maduka. Kwa kuwa viwanda vyote hivyo vilifuata kipimo kimoja, tairi la Hero linakaa kwenye Phoenix, pedeli za Avon zinaingia kwenye Forever, na viatu vya breki ni vile vile. Nimeshaona tairi za 28 x 1½ zimening'inizwa kwenye duka la kijijini linalouza chumvi, sabuni na betri za tochi. Hakuna saizi nyingine ya baiskeli ninayoweza kuisemea hivyo.

Ubovu wake nao ujue. Ni nzito. Gia hakuna. Na breki zake za vyuma hubana ringi kwa ndani, upande unaotazama habu (kitovu cha gurudumu), si ubavuni. Ringi ni ya chuma iliyopakwa kromu, na kromu ikilowa, kiatu cha mpira huteleza juu yake. Siku ya mvua anza kufunga breki mapema kuliko unavyodhani, halafu bado weka mguu tayari. Pia ringi ya breki hizo ina umbo lake, haibadilishwi kwa ringi ya breki za ubavuni.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni matundu ya spoku. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati Mjapani na wengine wengi wana 36 kote. Ringi ya nyuma ikipinda nane, usiende dukani ukasema tu "nipe ringi ya Phoenix". Hesabu matundu. Kuna siku nilimtuma kijana akarudi na ringi nzuri sana ya 36, ikabaki ukutani mwangu miaka miwili kama pambo.

Kotapini

Hapa nikae kidogo, maana ndipo Phoenix inapowashinda wanunuzi wapya. Mkono wa krenki haujafungwa kwenye ekseli kwa bolti. Umefungwa kwa kipini cha chuma kilichosagwa upande mmoja, kinapita kwenye krenki na kulalia sehemu bapa ya ekseli, kisha nati ndogo inakishikilia upande wa pili. Hiyo ndiyo kotapini. Kipini kikilegea utakisikia mguuni: kila pedeli ikifika juu, inagonga "ko", kama mtu anabisha hodi. Ukiendelea kuendesha hivyo, kipini hulika, halafu tundu la krenki hulika, na hapo hununui tena kipini cha bei ya chai, unanunua krenki.

Mara yangu ya kwanza kukitoa nilifungua nati yote, nikashika nyundo, nikapiga. Ncha ya kipini ikapinda na kuvimba kama uyoga, haikutoka wala haikuingia. Nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima anayekaa chini ya mwembe, nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, macho yako kwenye krenki. "Umeipiga ukiwa na hasira?"

Akanionyesha. Kwanza alipachika kipande cha bomba la maji chini ya krenki, kimesimama ardhini, kipenyo chake kikubwa kidogo kuliko kipini. Kwa namna hiyo pigo la nyundo linaishia kwenye bomba, halizami kwenye gololi na vikombe vya katikati, pale ekseli ya krenki inapozungukia. Pili, nati aliilegeza tu, hakuitoa, ili ilinde nyuzi, yaani mikato ya skrubu. Changu kwa kuwa kilishapinda alikikata kwa msumeno, akakitoboa kwa drili ya mkono. Kipini kipya hakukitia hivi hivi. Alikipiga tupa upande wa bapa, akakijaribu, akakipiga tena, mpaka kikapenya na kuacha nyuzi za kutosha nati. Viwili vyote alivisaga sawa na akaviingiza kwa pande zinazokabiliana, kimoja kutoka mbele kingine kutoka nyuma. Ukikosea hapo, krenki mbili hazitakaa kwenye mstari mmoja, na utaendesha kama mtu anayechechemea. Mwisho akaniambia niendeshe siku mbili nirudi akaze nati, kwa kuwa kipini kipya lazima kikae. Nilirudi, na kweli ilikuwa imelegea robo nzima.

Vipini vya ukoo wa Kiingereza vina unene wa milimita 9.5. Vya Kifaransa ni 9.0. Chembamba kikitiwa kwenye tundu pana kitagonga tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kabla ya kumlaumu fundi peleka kile cha zamani kikalinganishwe.

Raleigh ya kweli, tahadhari

Watu wakiona nembo ya Raleigh ya Nottingham hupandisha bei, na muuzaji hukwambia "hii ndiyo yenyewe". Ni yenyewe kweli, na hapo ndipo taabu inapoanzia. Raleigh walikuwa na nyuzi zao wenyewe. Vikombe vya katikati vya baiskeli nyingi za Kiingereza na Kijapani vina nyuzi 24 kwa inchi, vya Raleigh ya Nottingham ni 26. Kikombe cha kawaida kitaanza kuingia vizuri, mizunguko miwili mitatu, halafu kinakwama. Fundi mwenye nguvu ataongeza spana ndefu, na fremu imekwenda. Uma wa mbele nao una nyuzi 26 kwenye shingo. Kwa hiyo nakala ya Shanghai inaweza kukupa usingizi kuliko ile asili.

Ila Raleigh ikiwa na habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, aina ya AW, mimi napunguza ukali. Habu hiyo ilianza kutengenezwa miaka ya 1930 na matoleo yake bado yanatengenezwa. Mwaka 2000 jina lilinunuliwa na SunRace wa Taiwan, na baadhi ya vipuri vya ndani bado vinaingiliana na vya zamani. Futa grisi kwenye habu utaona mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimegongwa pale, kwa hiyo umri wa gurudumu hilo huhitaji kuambiwa na muuzaji. Ina tundu dogo la kutilia mafuta lenye kifuniko. Tia mafuta mepesi, usijaze grisi. Gia ya pili ni moja kwa moja, ya tatu inaongeza theluthi moja, ya kwanza inapunguza robo. Kwa mtu wa Lushoto au Arusha, robo hiyo ni tofauti ya kupanda na kukokota.

Mjapani

Sasa yule anayeng'aa. Wajapani huiita mamachari, baiskeli ya mama ya kwendea sokoni na kupelekea mtoto shule. Hupakiwa kwenye makontena pamoja na vitu vingine vya mtumba, zikashushwa kwetu zikiwa na majina kama Bridgestone, Miyata, Panasonic na Maruishi. Nyingi bado zina kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani kwenye fremu: ni usajili wa polisi wa kule wa kuzuia wizi, hauna kazi hapa, lakini huonyesha kwamba hiyo baiskeli ina ukoo.

Kwa starehe Mjapani anashinda bila mabishano. Ni mwepesi kuliko Phoenix, krenki zake hazina kotapini, anakuja na kikapu, madigadi, stendi ya miguu miwili, dinamo na taa, na kufuli la gurudumu la nyuma (ufunguo mara nyingi umebaki Japani, fundi atalikata). Fremu yake imeinama katikati, kwa hiyo mwenye kanga au buibui anapanda bila kurusha mguu, na mzee mwenye goti bovu vile vile.

Vipuri sasa. Friwili yake ya gia moja ina nyuzi za kawaida, za dukani inaingia. Vikombe vya katikati, vya kawaida. Pedeli, za kawaida. Cheni, ile pana ya gia moja. Valvu ni ya kile kimpira chembamba kinachovikwa kwenye sindano, sawa na ya Phoenix, kwa hiyo pampu yoyote ya fundi inamfaa. Breki ya nyuma ndiyo ngeni: nyingi zina breki ya mkanda, bakuli la chuma pembeni mwa habu linalozungukwa na mkanda wenye utando ndani. Inashika hata kwenye mvua, jambo ambalo Phoenix haiwezi, lakini hupiga kelele kama jogoo. Kuna mafundi huizibia kelele kwa mafuta. Usikubali, mafuta huondoa kelele na breki pamoja.

Wenye gia tatu za ndani za Shimano wachukuliwe kwa uangalifu. Gia zenyewe ni imara, ila waya wake husukuma kijiti chembamba kinachoingia ndani ya ekseli, na kifuniko chake cha plastiki kiko nje kabisa, mahali ambapo baiskeli ikianguka ndipo panapogusa ardhi. Kabla hujalipa, zungusha pedeli mkononi na badilisha gia zote tatu. Kama kifuniko hakipo au kijiti kimepotea, hesabu kwamba unanunua baiskeli ya gia moja, na bei iende huko.

Kisha keria. Itazame kwa karibu utaona imegongwa CLASS 18, CLASS 25 au CLASS 27. Hizo ni kilo. Si makadirio, ndio mzigo wa mwisho uliopangiwa. Mkaa wa gunia moja umeshapita hapo mara mbili. Keria ya Phoenix haijaandikwa chochote, na kila mtu anajua inabeba nini.

Sasa turudi kwenye namba ya tairi, kwa kuwa hapa ndipo nilipolipa ada. Mjapani wa 26 x 1⅜, yaani 590, hana shida sana, tairi zake nazipata mjini. Mjapani wa 27 x 1⅜, yaani 609, ni mtego. Nilimnunulia mke wangu mmoja, mzuri, wa kijivu. Tairi la nyuma lilipochanika nikaenda duka moja la vipuri, nikaomba tairi la 27. Muuzaji akanipa lililoandikwa 27 x 1¼. Nikamuuliza mbona la kwangu lina ⅜. "Ishirini na saba ni ishirini na saba, kaka, hiyo nyingine ni unene tu."

Nyumbani liliingia kwenye ringi kwa mikono mitupu, bila hata kijiko cha kutilia tairi. Ningekuwa na akili ningeshituka hapo, kwani tairi la kweli hupiganiwa. Nikaanza kujaza upepo. Upande mmoja likakaa, upande wa pili likaanza kupanda juu ya ukingo, tyubu ikachungulia kama puto la bluu, nikasema acha nipige pampu mbili za mwisho likae lenyewe. Ule mlio majirani walitoka nje. Nilipopima baadaye nikaelewa: tairi lile lilikuwa 630, ringi ni 609. Kipenyo kilizidi kwa milimita 21. Muuzaji hakurudisha pesa, akasema nimelitumia. Baiskeli ilikaa miezi mitatu mpaka alipopatikana mtu wa Dar es Salaam aliyebomoa Mjapani mwingine wa 27, akaniuzia tairi mbili zilizochoka.

Mholanzi

Hawa si wengi kwetu kama Wajapani, lakini wapo, Gazelle na Batavus hasa. Baiskeli ndefu, nyeusi, unakaa wima kama mwalimu mkuu. Wenye gia moja wana breki ya mguu: unarudisha pedeli nyuma, habu inabana. Mtindo huo wa habu ulipata umaarufu na Torpedo ya Fichtel & Sachs, Wajerumani wa Schweinfurt, mwaka 1903, na bado unatengenezwa. Breki iko ndani ya habu, haijui mvua wala vumbi, haina waya wa kukatika.

Kitu kimoja tu cha kukagua: kwenye habu ya nyuma upande wa kushoto kuna mkono wa chuma unaofungwa kwenye fremu kwa kibano. Kibano hicho kikikosekana, siku ya kwanza utakayofunga breki mkono utazunguka, ung'oe na spoku. Ni kipande cha bati cha kutengenezwa na mtu yeyote mwenye koleo, ila lazima kiwepo. Tena kumbuka cheni ikikatika au kutoka, breki imekwenda nayo.

Tairi zake mara nyingi ni 28 za aina ya 622, na muuzaji wako atakukabidhi la Phoenix. Tofauti ni milimita 13. Omba 622, au sema 700C yenye upana wa 35 au 38, utapewa hata lile la baiskeli mpya za mjini. Kwa mkazi wa mji mkubwa huyu ni mzuri kuliko anavyosifiwa. Kwa mtu wa kijijini sipendekezi.

Resi ya zamani

Fupi tu. Peugeot na Motobécane za gia 10 zinapendeza, na ukipata moja kwa bei ya kutupa utatamani. Lakini Wafaransa wa wakati ule walikuwa na vipimo vyao peke yao: vikombe vya katikati vya milimita 35 kwa hatua ya milimita 1, pedeli za milimita 14 badala ya inchi 9/16, shina la hendeli la 22.0 badala ya 22.2. Pedeli ya kawaida ukiilazimisha kwenye krenki ya aluminiamu ya Kifaransa itakata nyuzi mpya, itaingia, na siku utakapoipanda kwa nguvu inaweza kutoka na nyuzi zote. Tairi mara nyingine ni 630, nazo ni za kutafuta. Kama unapenda kuhangaika Jumapili, chukua. Kama ni ya kazi, mwachie mwenye kupenda kuhangaika. Resi ya Kijapani ya miaka hiyo hiyo ni afadhali, nyuzi zake ni za kawaida.

Ukienda kuiona

Nenda mchana, na nguo ya kuchafuka. Jambo la kwanza ingiza mkono nyuma ya shingo ya fremu, pale chini ambapo mabomba mawili yanakutana na ile ya mbele. Rangi ikiwa imekatika kwa mstari au bomba limevimba, baiskeli iligonga kitu. Usijadili bei, aga. Kisha simama ubavuni uangalie uma: unapaswa kupinda kwenda mbele kwa ulaini, si kurudi nyuma.

Jambo la pili ni letu watu wa pwani. Mwombe muuzaji alegeze nati ya kiti, ulichomoe bomba lake. Likigoma, kutu imelishika na kimo cha kiti hakitabadilika tena. Likitoka, geuza baiskeli juu chini uone kinachodondoka. Unga wa kahawia kidogo ni kawaida. Magamba ya chuma ni fremu inayokwisha kwa ndani huku nje inang'aa, na hilo nimeliona zaidi kwa Wajapani waliokaa karibu na ufuko.

Gurudumu linyanyue, lizungushe, lisukume kulia na kushoto. Likicheza ni koni za kukaza, si neno. Likikwaruza kama lina mchanga, mara nyingine ni gololi na grisi tu, mara nyingine vikombe vimelika. Vikombe vya habu huwezi kuvibadilisha kirahisi, kwa hiyo punguza bei ya habu nzima. Kufungua vikombe vya katikati usimwachie mgeni: kwenye baiskeli za Kiingereza na Kijapani kikombe cha upande wa cheni hufunguka kinyume, kama ilivyo kwa pedeli ya kushoto. Nimeona fremu zimeharibiwa na watu wenye nguvu nyingi na habari kidogo.

Na karatasi. Andikishianeni, hata kwenye ukurasa wa daftari, jina la muuzaji, tarehe, bei na namba ya fremu, ambayo huwa imegongwa chini ya krenki au karibu na kiti. Baiskeli za wizi ni nyingi, na anayekamatwa nayo ndiye anayeulizwa.

Alichochukua mpwa wangu

Asubuhi akanitumia picha mbili za matairi. Phoenix: 28 x 1½, namba ya kistari imefutika lakini ringi ni ile ya breki za vyuma, kwa hiyo 635, na aliniambia krenki inagonga. Mjapani: 27 x 1⅜.

Ningekuwa na jibu jingine kama yule Mjapani angekuwa wa 26. Kreti ya mikate haifiki kilo 25, breki ya mkanda ingemfaa asubuhi za masika, na miguu ingemshukuru. Ningemwambia achukue, aweke akiba ya tairi moja ndani. Lakini wa 27, na njia yake nzima mpaka Pongwe hakuna duka hata moja nililowahi kuona linauza hilo tairi? Nilimwambia akamuamkie mzee wa Phoenix, amkumbushe kwa adabu kwamba krenki inagonga, na aombe apunguziwe.

Akapata kwa laki moja kamili, na pampu juu. Ringi ya nyuma tumehesabu, 40. Kiti kimetoka bila shida. Kotapini ya kushoto imekwisha, ya kulia inafuata, nimenunua vyote viwili vya 9.5 na kipande cha bomba ninacho. Tatizo tupa yangu imeazimwa, kwa hiyo tutakwenda chini ya mwembe Jumamosi.

Leo amepita na mikate. Nilimsikia kabla sijamwona: ko, ko, ko.